Mkono Ndani ya Lundo la Nafaka

Kila sifa njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe wote, tunaowaona na tusiowaona. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake.



Wengi wetu tunasoma Suratul-Kahf kila Ijumaa, na tukifika aya ya 19 tunapita mbio, kwa sababu mbele kuna kisa cha mwenye mabustani mawili na kisa cha Nabii Musa (a.s.) na Khidhri. Leo nataka tusimame hapo kidogo. Vijana wa pangoni wameamka. Wanabishana wamelala muda gani, kisha wanaliacha jambo hilo kwa Allah na kurudi kwenye njaa yao. Wanatoa kipande cha fedha, wanamtuma mmoja wao mjini. Agizo wanalompa halikuwa kuleta chakula tu. Wanamwambia aangalie ni chakula kipi kilicho safi zaidi, ndipo awaletee sehemu yake. Wafasiri wametofautiana juu ya neno hilo: wapo waliosema ni chakula cha halali zaidi, kwa kuwa watu wa mji ule walikuwa washirikina, wapo waliosema ni kizuri na kisafi zaidi, na wapo waliosema ni kingi zaidi.

Kinachonishika mimi ni hali waliyokuwa nayo. Kwa walivyojua wao, walikuwa bado wanawindwa, na wakigundulika wangepigwa mawe. Mtu wa namna hiyo kwa kawaida husema, leta chochote tumeze tuendelee kujificha. Wao, wakiwa na njaa na hofu, walimtaka mwenzao achunguze. Yeye peke yake ndiye angeona soko. Wale wengine wangekula kwa kumwamini.

Kazi ya kijana huyo ndiyo mnayoisomea nyinyi mlioko Busogo katika kilimo na sayansi ya chakula, na nyinyi wa Huye na Kigali katika biolojia, famasia, kemia na biashara. Mtatumwa sokoni na watu wasioweza kuchunguza wenyewe.

Machi 2020, nchi yetu ilipofunga mipaka, shule na misikiti, watu walijifunza kwa siku chache jambo ambalo mwalimu wa mikrobiolojia huhangaika muhula mzima kulifundisha: kitu kisichoonekana kwa jicho kinaweza kusimamisha mji. Mama muuza mboga pale Nyamirambo, ambaye hajawahi kuiona darubini, alikuwa akieleza habari za matone ya mate na umbali wa mita moja. Mitungi ya kandagira ukarabe ilisimama kila mlango, ukikanyaga chini maji yanatoka juu. Misikiti ilipoanza kufunguliwa tena Julai mwaka ule, kila mtu alikuja na mkeka wake, tukapimwa joto, tukaandikwa majina. Hakuna aliyesema kwamba hataamini mpaka akione kirusi kwa macho yake.

Na sisi Waislamu tulikuwa na urahisi zaidi wa kuamini. Mtume (s.a.w.) aliwafundisha Maswahaba kufunika vyombo na kufunga viriba usiku, na akawafundisha kutoingia wala kutoka katika nchi iliyoingiwa na tauni, karne nyingi kabla ya mtu yeyote kutazama tone la maji kwa lenzi.

Sasa hebu angalia mlangoni mwa kantini. Mtungi upo, maji hamna. Kanyagio limeshika kutu. Tunaingia, tunakula kwa mikono iliyotoka kushika simu na vyuma vya basi, na wengine tunajitetea kwamba tulitawadha Adhuhuri. Udhu ni ibada na ni twahara, lakini saa tisa alasiri udhu wa Adhuhuri haukusaidii na ulichokishika saa nane.

Lakini sikukusudia kuzungumzia mikono. Kuna kisichoonekana kingine, na hiki hakikuja kwa ndege wala hakikuondoka korona ilipopungua.

Kuvu aitwaye Aspergillus flavus anaishi udongoni. Mahindi au karanga zikivunwa na mvua, zikarundikwa zingali na unyevu, kuvu huyu huota juu yake na kutoa sumu iitwayo aflatoksini. Ndugu zetu wa Tanzania wameipa jina zuri, sumukuvu. Ukungu wenyewe unaweza kuuona ukiwa mwingi, kijani-njano, lakini sumu huioni. Haina harufu wala ladha. Moto wa jikoni hauiondoi: kaunga unalolisonga mpaka mwiko unasimama wenyewe bado linayo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na kiungo inachokishambulia ni ini. Ikiingia nyingi kwa mara moja huua upesi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo ya jirani mashariki ya Kenya, waliugua watu 317 na wakafa 125 kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Ikiingia kidogo kidogo kila siku haileti mazishi ya ghafla, na ndiyo maana hakuna kamati ya dharura inayoundwa kwa ajili yake.

Kiwango ambacho nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekubaliana kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo. Namba hiyo haimgusi mtu mpaka aibadilishe. Ni sawa na gramu moja, uzito wa kibanio cha karatasi, iliyotawanywa katika tani 100 za mahindi. Malori makubwa matatu hayatoshi kubeba tani 100. Hapo ndipo mpaka ulipowekwa, na Machi 2021, dunia ingali katikati ya korona, mpaka huo uligeuka kuwa mgogoro wa biashara: tarehe 5 Kenya ilitangaza kuzuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache ikafungua tena kwa masharti, na mojawapo likawa cheti kinachoonyesha kwamba shehena iko chini ya 10. Wakulima wengi walisikia jina la sumu hii kwa mara ya kwanza siku ile, na walilisikia kama habari ya bei.

Nilifanya kazi misimu miwili katika maabara ya kupokea mahindi, kwa mnunuzi ambaye sitamtaja. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Lori linafika getini, tunapanda na bambo, ile chuma yenye mfereji inayochomwa ndani ya gunia, tunatoa punje kutoka sehemu nyingi, juu, katikati na chini kabisa. Tunafanya hivyo kwa sababu sumu hii haikai sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, na gunia la jirani likawa safi. Kisha tunasaga, tunachanganya na kimiminiko, tunatumbukiza kijiti cha kupimia, tunasubiri dakika chache, mashine inasoma. Chini ya 10 lori linaingia. Juu ya 10 linageuka.

Na likigeuka linaenda wapi?

Siku za mwanzo sikujiuliza. Kisha dereva mmoja, mtu wa makamo, mwenye adabu, ambaye aliniita daktari kwa ajili ya koti jeupe, alichukua karatasi ya kukataliwa, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Nikamuuliza mzigo anaupeleka wapi sasa. Akasema bila kuficha chochote: "Sokoni, daktari. Kule hakuna mashine."

Ndugu zangu, sentensi ile ina fiqhi ndani yake kuliko darsa nyingi nilizohudhuria. Kiwanda kilikuwa na haki ya kukataa, tena kilikuwa na wajibu. Unga wake uliwekwa katika pakiti zenye muhuri na kununuliwa na wenye uwezo. Mahindi yaliyokataliwa hayakuyeyuka barabarani. Yalifika kwenye kinu cha kijijini, kwenye butiki inayopimia kwa kopo, kwenye sufuria ya shule, na kwenye kaunga la hosteli ambalo mimi na wewe tumelila kwa maharage. Kipimo kilichowekwa kumlinda mlaji kilikuwa kinachuja sumu kutoka kwa tajiri na kuishusha kwa maskini. Na katika nchi hii, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2019/20 ulikuta watoto 33 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kudumaa kuna sababu nyingi na sitaibebesha sumukuvu zote. Ila mtoto anayekula uji wa mahindi mara mbili kwa siku ndiye anayekula sumu hii zaidi yetu sote ukilinganisha na uzito wa mwili wake.

Hapa ndipo inapoingia hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikakutana na unyevu. Akamuuliza mwenye nafaka ni nini hiki. Yule mtu akaeleza kwamba mvua ilikuwa imeinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akatamka kwamba mwenye kufanya ghushi hatokani naye.

Tumeisikia mara nyingi ikihubiriwa kwa wauza nguo na wauza simu. Isome tena kama mtu wa nafaka. Hakutazama juu ya lundo akaridhika, aliingiza mkono. Yule mfanyabiashara hakulaumiwa kwa mvua, kwa kuwa mvua haikuwa kosa lake; alilaumiwa kwa kuweka kavu juu na mbichi chini. Na aliloelekezwa lilikuwa jepesi mno: iliyoharibika iwekwe mahali pa kuonekana, mnunuzi aamue akiwa anajua. Karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa dereva ndiyo nafaka mbichi iliyofichwa chini. Ukiuza mzigo ambao maabara imekuambia una 40, na mnunuzi hajui, umesimama palepale aliposimama yule mtu wa Madina, ila wewe una hali mbaya zaidi, maana yeye alijua mvua tu, na wewe una namba.

Nawe uliye ndani ya koti jeupe unahusika pia. Kiswahili kimetusaidia hapa: kibaba cha muuza mchele ni kipimo, na namba ya mashine ya maabara ni kipimo vilevile. Suratul-Mutaffifin inawaonya wanaojipimia kikamilifu na wanaowapunja wengine wanapowapimia. Mwenye maabara anayesoma 19 na kuandika 9 amepunja kipimo.

Namjua mmoja aliyeambiwa afanye hivyo. Tulikuwa naye zamu moja. Msimamizi alimwita pembeni, akazungumza naye kwa upole, kama baba: mwanangu, andika 9, mkulima apate hela yake, hakuna atakayekufa. Na ni kweli, siku ile asingekufa mtu. Yeye akaandika 19, akatia saini. Hakuna aliyemkemea. Msimu ulipokwisha mkataba wake haukuongezwa, basi. Ana mama na wadogo zake Rusizi wanaomtegemea. Visa vya mimbarini huishia mtu wa namna hii akipata kazi bora mara mbili. Yeye sasa ana kibanda cha kutuma pesa kwa simu, na jioni anafundisha watoto hesabu. Nikimkuta tunazungumza mpira.

Ninamleta hapa kwa sababu tunapenda kuwahimiza vijana wawe waaminifu kisha tunawaacha wawe waaminifu peke yao. Mtu mmoja katika zamu ni rahisi kumwondoa kimya kimya. Wawili wakisaini karatasi moja, na nakala ikabaki kwa mkulima, inakuwa vigumu. Jumuiya yetu ina wahitimu katika viwanda, katika mamlaka za viwango na katika wilaya. Wajuane. Mwenye kazi ampigie simu aliyefukuzwa kwa sababu ya haki kabla hajampigia shemeji yake. Kama udugu wetu haufiki hapo, basi tumeubakisha kwenye iftari tu.

Na yule mkulima? Msimamizi alimtaja kwa hila, lakini mkulima yupo kweli, amekopa mbolea, na hakuitia sumu yeye. Msimu A unavunwa kuanzia Januari, na Machi mvua kubwa inarudi. Muda wa kuanika ni mfupi. Anayevuna akiwa na turubai moja na watoto shuleni, atayarundika.

Kiwanda cha Africa Improved Foods kilichozinduliwa Kigali 2017 kilikutana na tatizo hili tangu mwanzo, kikawa kinakataa sehemu kubwa sana ya mahindi ya wakulima wa ndani. Baadaye walijaribu njia nyingine: kununua mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, mara tu baada ya kuvunwa, na kuyapukuchua na kuyakausha wao wenyewe kwa mashine. Kukataliwa kukapungua sana. Punje iliyo kwenye gunzi haijapigwa fimbo, haijapasuka, na kuvu hupenda kuingilia penye ufa.

Najua baadhi yenu mmeshakumbuka Suratu Yusuf. Nabii Yusuf (a.s.), katika aya ya 47, aliwashauri watu wa Misri kulima miaka saba na kuyaacha waliyoyavuna katika masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Naam, inafurahisha. Lakini tusiwe wepesi wa kusema kwamba Qur'ani imetaja kiwanda cha Kigali. Suke la ngano katika ukame wa Misri si gunzi la mahindi katika ukungu wa Musanze. Gunzi bichi ukiliacha ndani ya maganda yake na kulirundika, linaoza. Linahitaji hewa, ndiyo maana ya yale mabanda ya mbao ya kuanikia yanayojengwa mashambani, ambapo upepo unapita kila upande. Ninachokichukua kwa Nabii Yusuf ni kwamba mtu aliyetabiriwa njaa hakuishia kuomba dua. Alizungumza habari za ghala, na akaomba akabidhiwe hazina za nchi kwa kuwa alikuwa mlinzi na mjuzi. Alitaja sifa zote mbili. Mjuzi asiye mlinzi ndiye anayeandika 9.

Sasa kuna maswali ambayo ndugu huniuliza kila nikipita chuoni, na mengi yanahusu vijidudu vile vile, ila wale wema. Ikivuguto ni halali? Ni halali, na ni neema. Bakteria wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi, asidi inawazuia wengi wa vijidudu waharibifu, na maziwa yanadumu bila friji. Bibi zetu waliobakiza kidogo ya jana ili kuchachusha ya leo walikuwa wanafuga bakteria bila kuwajua jina.

Ubushera na umutobe vinahitaji uangalifu zaidi. Umutobe ni maji ya ndizi, matamu, halali kama maji ya zabibu. Ukiuacha na hamira yake unakuwa urwagwa, na urwagwa ni pombe, hakuna mjadala. Ibn Abbas (r.a.) amesimulia, katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akilowekewa zabibu usiku, akanywa maji yake siku hiyo na ya pili na mpaka jioni ya siku ya tatu, kisha kilichobaki hakukinywa tena. Wengine wanachukua siku tatu kama kalenda. Mimi naomba mtazame maana yake. Katika baridi ya Busogo uchachu unakwenda polepole. Katika joto la Bugarama unakwenda mbio, na siku ya pili chombo kinaweza kuwa kinatoa povu na kunukia pombe. Kikianza kuchemka chenyewe na kuuma ulimi, kiache. Kinacholevya kingi chake, kidogo chake ni haramu, na harusi haibadilishi hukumu hiyo.

Swali la tatu linatoka kwa wafugaji: ng'ombe anayelishwa machicha ya kiwanda cha bia, maziwa yake vipi? Wengi hushangaa nikiwaambia kwamba katika kiwanda cha bia machicha ya shayiri huchujwa na kutolewa kabla hamira haijatiwa. Hayajawahi kuwa pombe. Ni mabaki ya nafaka iliyolowekwa kwa maji ya moto, na ng'ombe kuyala hakuna neno. Mabaki ya ikigage cha nyumbani ni habari nyingine, yanatoka baada ya kuchachuka. Hata hapo swali la mwanachuoni ni la mnyama aliyelishwa kilicho najisi, ambaye wanazuoni wamemweleza kwa jina la jallala: huzuiwa, akalishwa chakula kisafi mpaka athari iondoke. Kanuni hiyo hiyo itawahitaji wale mnaofuga funza wa nzi askari mweusi kwenye takataka za soko ili kulisha kuku na samaki. Msisubiri mtu wa ng'ambo awaandikie fatwa. Kaeni na masheikh mkiwa na ripoti ya maabara mkononi, muwaeleze funza amekula nini na kuku amekula nini.

Haya yote ndiyo yanayoitwa sasa uchumi wa kibayolojia: kutengeneza chakula, lishe ya mifugo, nishati na dawa kutokana na viumbe hai na mabaki yao. Kamisheni ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yako hapa Kigali, ina mkakati wa miaka kumi juu ya uchumi huo, kuanzia 2021/22 hadi 2031/32. Korona ilitufundisha jinsi tunavyoumia mipaka inapofungwa na kila kitu kinatoka nje, kwa hiyo naelewa haraka ya serikali zetu, na ninawaombea mpate kazi humo. Ila jihadharini na neno moja tamu la uchumi huo, kwamba hakuna taka. Mahindi yenye sumu hayawi mema kwa kubadilishwa njia. Ukimlisha ng'ombe, sehemu ya sumu inatoka kwenye maziwa ikiwa na umbo jingine, na mtoto anainywa. Ukiyachachusha kupata spiriti ya viwandani, sumu haiendi na spiriti, inabaki na kukolea katika machicha, na machicha yakiuzwa kama lishe ya mifugo tumerudi tulipoanza. Kuchanganya magunia mabaya na mazuri mpaka namba ishuke ni ghushi kwa lugha ya hadithi, hata kama mashine itasoma 9 ya kweli.

Kuna njia chache za halali. Kuchambua kwa mkono, kutoa punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye rangi, kunaondoa sehemu kubwa ya sumu, kwa kuwa imejikusanya humo. Zilizotolewa zichomwe au ziende kwenye mtambo wa biogesi, zisiende kwa kuku. Na hasara iliyobaki isimwangukie mkulima peke yake. Wenye madeni wametajwa miongoni mwa wanane wanaostahiki zaka katika Suratut-Tawba. Turubai tano kabla ya mavuno ni bei ndogo kuliko lori moja lililokataliwa.

Na tukizungumzia zaka, Suratul-Baqara aya ya 267 inatukataza kukusudia kilicho kibaya tukakitoa, hali sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Mwaka wa korona niliona sadaka nyingi nzuri, watu waligawana unga na maharage mlango kwa mlango. Niliona pia magunia yaliyokaa ghalani tangu msimu uliopita yakikumbukwa ghafla siku ya kutoa. Mnaokusanya zakatul-fitri kwa ajili ya jumuiya mnayo haki ya kufungua gunia mbele ya aliyelileta na kuingiza mkono hadi chini.

Ijumaa ya kwanza ya mavuno, baada ya swala, tutakutana nyuma ya msikiti wa chuo. Njoo na chupa ya kioo kavu yenye kifuniko, chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, na viganja viwili vya mahindi kutoka nyumbani au kutoka kwa mpishi wa hosteli, bila kumficha unayapeleka wapi. Mahindi na chumvi vinatiwa chupani, vinatikiswa dakika chache, vinaachwa vitulie. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, hayajafaa kuwekwa ghalani. Yanatakiwa yashuke hadi 13.5. Chupa haipimi sumu, inapima unyevu tu, na unyevu ndio mlango wake. Tutaandika majina ya vijiji tulivyoyatoa, na Jumamosi ya umuganda inayofuata tutaanzia kwenye kile ambacho chumvi yake imeshika zaidi. Dada aliye na mizani ndogo ya jikoni aje nayo.

Wabillahi tawfiq.